Mjomba, Ulikisikia King'ora?

Bwawani, 12 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti changu kipya cha kazi, ambacho mguu wake mmoja ni mfupi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, kilaumu kiti. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo uko palepale. Amenituma nikuulize tena lini utaacha ukaidi uende ukae naye mjini. Haya, nimeuliza, nimetua mzigo.

Ningekupigia simu, ila Mama anasema siku hizi ukipigiwa unasema "ndiyo, ndiyo, sawa" halafu unakata. Basi tumerudi kwenye barua, na dereva wa lori la maziwa amekubali kuwa posta wetu.

Kazi nimeipata kweli. Mimi ndiye mlinzi wa milango ya bwawa. Nazungusha gurudumu kufungua maji na kuyafunga, nasoma kina chake asubuhi na jioni, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, najaribu king'ora. Jaribio ni mlio mmoja mrefu. Kikilia bila kukoma, si jaribio tena. Hapo kila mtu wa bondeni aache alichoshika apande shuleni, kule mlimani. Msimamizi wangu anataka kujua kama sauti inafika mpaka nyumba ya mwisho, na nyumba ya mwisho ni yako. Naomba uwe unaniandikia.

Sasa jambo lenyewe. Ukuta huu ni wa udongo, umeota majani juu kama kaburi kubwa. Nikisimama juu yake, upande huu maji yamejaa karibu na viatu vyangu, na upande ule naona mapaa ya nyumba zenu chini kabisa, paa lako jekundu likiwa la mwisho. Kila siku natembea katikati kabisa ya ukuta, nisitazame upande wowote. Wewe umefundisha sayansi miaka yote hiyo. Hebu nieleze, mtu anaizoeaje hofu?

Mpwa wako

*

Nyumbani, 9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Nami ni mzima, namshukuru Mungu, na bustani yangu ya mchicha ni nzima kuliko mimi. Mwambie dada yangu kwamba swali lake limefika na limewekwa pamoja na mengine ya aina hiyo.

Huku kwetu hakuna jipya. Jirani yangu, yule mshonaji tunayemwita Mama Cherehani, kaninunia, na kosa langu silijui. Ananipita mlangoni kama hanioni. Pia birika langu la filimbi limeungua. Lilichemka mpaka likakauka. Vitu vya siku hizi havina uimara, hata filimbi yake naona ilikuwa imeziba.

King'ora chako nilikisikia vizuri sana Jumatatu, kirefu kama ulivyosema. Mwambie msimamizi wako asiwe na wasiwasi.

Unauliza namna ya kuizoea hofu. Usiizoee. Mtu aliyezoea hofu huacha kuangalia. Nitakueleza kwa mfano wa msimu huu tulio nao. Wakati wa kiangazi mto wetu unakuwa mwembamba kama kamba, na mawe ya chini yote yanaonekana. Mimi kila kiangazi nashuka kuyatazama: jiwe gani limehama, shimo gani limechimbika. Masika yakija na maji yakawa mazito, sihitaji kubahatisha, najua kilichoko chini. Nawe fanya hivyo. Sasa hivi, mambo yakiwa makavu na mepesi, jifunze kila komeo na kila jino la gurudumu lako. Hofu ikija, ikute mikono yako inajua kazi.

Mjomba wako

*

Bwawani, 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Amepata mpangaji anayeimba akioga, na anadai anataka kumfukuza, ila juzi nimemkuta mlangoni kwa bafu ameshika ufagio, hafagii, anasikiliza.

Somo la kiangazi nilimsomea msimamizi. Akasema, "Huyo mjomba wako angekuwa mhandisi." Nimejifunza makomeo yote nikiwa nimefumba macho.

Lakini mvua zimeanza, mjomba, na jambo limetokea. Chini ya ukuta, upande wa kushoto, maji yamepata njia. Ni mchirizi mdogo, unene wa kidole. Msimamizi anasema kila ukuta wa udongo hutoa jasho, nisianze kutoa macho. Kazi yangu kila asubuhi ni kushuka na chupa ya kioo, kukinga maji ya mchirizi, na kuiinua kwenye mwanga. Yakiwa maangavu, hilo ni jasho. Yakiwa na rangi, maana yake yanatoka na udongo wa ukuta wenyewe. Ukuta unaliwa kutoka ndani, na nje hakuna kinachoonekana.

Mpaka leo ni maangavu. Lakini kila nikiinua ile chupa, nageuka upande kwanza, halafu ndipo natazama, kama mtu anayefunua kidonda.

Nimekatazwa kulisema hili bondeni. "Usiwatie watu tumbo joto," ndivyo alivyosema. Nakwambia wewe tu.

Mwezi huu ulikisikia?

Mpwa wako

*

Nyumbani, 11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari ya mpangaji imenichekesha. Mwambie dada yangu amwachie aimbe.

Mchirizi wako nimeufikiria sana. Msimamizi hakukosea kwamba ukuta wa udongo hupitisha maji kidogo. Kinachotisha si maji kutoka. Kinachotisha ni yanachobeba. Udongo una chembe kubwa na ndogo. Zile ndogo zikianza kuondoka, kubwa hukosa pa kuegemea, nafasi hupanuka, maji huongeza kasi, na maji yenye kasi hubeba zaidi. Likianza hujiendesha lenyewe. Kwa hiyo endelea na chupa yako, na usimwachie mtu mwingine aiangalie.

Ukaniuliza king'ora. Mwezi uliopita nilikisikia, na Jumatatu hii nimekisikia vizuri zaidi. Kuna sababu: hewa yenye unyevu hupitisha sauti kwa wepesi kuliko hewa kavu, na mawingu yakiwa chini sauti haipotei juu. Nilikuwa nimekaa barazani nakunywa chai, kikaja wazi kabisa, kama kiko nyuma ya nyumba.

Somo la masika ni mlango wangu wa mbele. Kila mwaka mvua zikianza mbao zinavimba na mlango unakwama, mpaka niusukume kwa bega. Zamani nilikuwa nachukua randa naupunguza. Kiangazi kikija, mlango umesinyaa na pengo linapitisha paka. Sasa nauacha. Mtu pia huvimba kwa hasira au kwa woga, akataka kujikata papo hapo: aache kazi, avunje ndoa, ahame mji. Nasema, angoje akauke kwanza.

Mjomba wako

*

Bwawani, 16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena.

Mwezi huu king'ora hakikulia. Mota yake iliungua Ijumaa, ikashushwa, ikapelekwa kwa fundi mjini, na mpaka leo mlingoti uko mtupu. Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa hapa nakula muhogo wa kuchemsha. Bwawa zima lilikuwa kimya.

Ulisikia nini, mjomba? Hicho kilichokuja wazi kabisa ukiwa na chai yako barazani kilikuwa nini?

Na Februari je? Na Machi?

Nimekumbuka birika lililokauka. Nimekumbuka simu na "ndiyo, ndiyo" yako. Nimemkumbuka Mama Cherehani aliyekununia bila sababu. Sasa unaniambia mlango wako umekwama, na kwamba hilo ni somo.

Leo chupa ilikuwa na ukungu. Kidogo tu. Nimeiosha, nikakinga tena, ikatoka safi. Huenda chupa yenyewe ilikuwa chafu. Nijibu upesi.

Mpwa wako

*

Nyumbani, 25 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Mvua zinanyesha. Mchicha umeoza.

Huenda nilichanganya na Machi. Mtu aliyekula chumvi nyingi huchanganya miezi. Sioni kwa nini jambo dogo hivyo likufanye unihoji kama karani wa mahakama.

Kuhusu ukungu kwenye chupa, kinga kwenye chupa mbili kwa wakati mmoja. Zote zikiwa na ukungu, kosa si la chupa.

Msalimie mama yako. Nakuomba usimweleze mambo yasiyo na maana, magoti yake yanatosha.

Mjomba wako

*

Bwawani, 1 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, na sijamwambia kitu.

Nimekinga kwenye chupa mbili. Siku tatu zilikuwa safi zote. Juzi zote zilikuwa na ukungu. Jana safi. Leo ukungu tena. Msimamizi nilimwonyesha, akazishika juu muda mrefu, akasema, "Ni mvua tu, imechafua juu ya nyasi." Lakini baada ya hapo, mjomba, alikwenda moja kwa moja mezani kwake. Amewaandikia wakubwa. Wakubwa wamesema mhandisi atakuja.

Naogopa. Naliandika neno hilo ili nione kama litapungua likiwa kwenye karatasi. Halipungui.

Nisikilize, halafu ukitaka nikasirikie. Siogopi kwamba wewe huna masikio. Naogopa mkono wangu. Siku chupa ikitoka na rangi, kazi yangu ni kubonyeza swichi ya king'ora, nikimbilie gurudumu nifungue milango yote, ili maji yapungue nyuma ya ukuta kabla haujaachia. Milango yote ikifunguka, bonde la chini linajaa hata kama ukuta ukisimama. Nyumba yako iko chini kuliko zote, kando ya mto, ndiyo ya kwanza mto ukifurika. Unaelewa ninachosema? Mimi kwa mikono yangu ndiye nitakayekuletea maji ndani. Nitakuwa najua kwamba wote wanakimbia na mmoja amekaa barazani na chai yake. Mkono utasita. Ukisita kidogo tu, ni bonde zima.

Kuja kukuchukua siwezi. Nikitoka hapa hakuna mwingine anayejua makomeo.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho, na usinieleze habari za unyevu wa hewa. Mjomba, unasikia?

Mpwa wako

*

Nyumbani, 6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu.

Sisikii.

Nimeliandika hilo, nikaenda nje, nikatembea mpaka mtoni nikarudi, na bado liko hapo. Sasa ngoja nikueleze, maana nisipoeleza nitashindwa kuendelea.

Masikio hayaondoki kwa mkupuo. Sauti nyembamba ndizo hutangulia: ndege, filimbi, sauti za watoto. Nzito hubaki nyuma. Miaka ya mwisho ya kufundisha niliona wanafunzi wamekuwa wapole sana, nikajisifu kwamba nimepata darasa lenye adabu. Kumbe walikuwa wanapiga kelele kama siku zote. Baadaye nikaanza kuwasoma watu midomo, na nisipoweza, nasema "ndiyo". Unashangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi kwa "ndiyo". Jumatatu zako nilitazama saa, ikifika saa nne nasema moyoni, haya, kimelia. Nilijua mwenendo wa sauti, basi niliona inatosha kujua ingekuwaje.

Utauliza kwa nini nisiende kwa dada yangu. Ndani ya nyumba hii sijawahi kuwa kiziwi, kwa sababu hakuna anayenisemesha. Nikienda mjini nitakuwa yule mzee wa kona, wanazungumza juu ya kichwa chake, wanamcheka akijibu lisiloulizwa. Hilo niliogopa kuliko maji. Nililiogopa mpaka barua yako.

Jana nilikwenda kwa Mama Cherehani. Nilibisha hodi nikasimama. Nikasimama sana. Mwishowe akafungua mwenyewe, na midomo yake niliisoma vizuri: "Nimesema karibu mara tatu! Unataka nikubebe?"

Nikamwambia, "Jirani, sisikii."

Akasema kitu.

"Hicho pia sijakisikia."

Alicheka mpaka akashika meza ya cherehani. Halafu akanisogelea, akanitazama usoni, akasema polepole, "Mwalimu, mtaa mzima tunajua. Wewe ndiye wa mwisho kupata habari."

"Basi mbona umeninunia?"

"Nakusalimia mwaka mzima unanipita kama gari la serikali! Hata nikijua husikii, macho si unayo? Ungetikisa kichwa tu."

Alikuwa na haki. Nilikuwa natembea nimeinamisha macho makusudi, nisikutane na mtu wa kunisemesha.

Tumekubaliana. King'ora kikilia yeye atapitia kwangu kabla ya kupanda, na kwa kuwa mlango umekwama, nimeutoa kabisa nikatundika shuka. Kwa hiyo mkono wako usisite. Somo la msimu huu sina. Nimejaribu kutafuta moja, nikaona natafuta pa kujificha.

Mjomba wako

*

Bwawani, 10 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na asante. Nililia, halafu nikacheka nilipofika pale pa gari la serikali, halafu nikalia tena. Msimamizi aliponiuliza nina nini nikamwambia ni kitunguu.

King'ora kimerudi, kimefungwa mlingotini. Lakini usinione sina shukrani, mpango wenu haunitoshi. Mama Cherehani akiwa sokoni je? Akiwa kwa wateja wake? Akikimbia na kila kitu kichwani akakusahau? Ninyi wawili mmeweka maisha yako kwenye shuka na ahadi.

Na kuna hili. Msimamizi ameitwa mjini kumngoja mhandisi. Kabla ya kuondoka alisema, "Usipige bila ruhusa yangu kwa simu. Ukipiga na ukuta usianguke, tutatafuta kazi nyingine wote wawili."

Nikamuuliza, "Na nisipopiga ukaanguka?"

Akaangalia viatu vyake. "Nipigie simu," akasema. "Nitapokea."

Hajawahi kupokea simu mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Ukungu uko kila siku sasa. Mchirizi ulikuwa wa kidole, umekuwa wa kifundo cha mkono. Nikiweka sikio kwenye majani ya ukuta nasikia kitu kama mtu anayekunywa.

Niambie la kufanya. Wewe ndiye mkubwa.

Mpwa wako

*

Shuleni, mlimani, 13 Mei

Mwanangu,

Leo salamu zisubiri.

Nimehama. Barua yako imenifikia asubuhi, na mchana nilikuwa nimeshapanda. Mwalimu mkuu hapa alikuwa mwanafunzi wangu. Amenipa chumba cha vifaa vya sayansi, nalala kati ya mizani na mifupa ya plastiki. Nimemwambia, "Sisikii, sema ukinitazama," na akafanya hivyo, na dunia haikuanguka.

Kabla ya kupanda nilipita nyumba kwa nyumba bondeni nikaeleza habari ya chupa. Nimevunja siri yako, nisamehe, au usinisamehe. Wengine walicheka: fundi viatu aliniuliza kama king'ora nimekisikia ndotoni. Lakini walinisikiliza mpaka mwisho, na baadhi yao nimeona wamefunga mizigo.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukiweka kidole kwenye swichi, usinifikirie. Sipo bondeni. Hakuna mtu kwenye ile nyumba ya paa jekundu, ni viti na sufuria tu. Ukiona rangi, piga. Ukidhani umeona rangi, piga. Mpigie msimamizi simu mara moja, kwa adabu, asipopokea umemaliza wajibu wako kwake. Na ukishafungua milango, toka kwenye ukuta upande wa kulia, kwenye mwamba. Usirudi kuchukua kitu chochote.

Naogopa, mwanangu. Nakwambia ili usidhani ni wewe peke yako.

Mjomba wako

*

Bwawani, 15 Mei

Mjomba,

Sijui kama nakuandikia wewe au naiandikia karatasi.

Jana asubuhi maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Chupa zote mbili. Nilisimama pale chini nikiwa nimezishika, na mchirizi ulikuwa umeacha kutoa sauti ya maji, ulikuwa unakohoa. Nilipanda mbio. Nikampigia msimamizi. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Dereva wa maziwa alikuwa hajaja tangu Jumapili kwa sababu ya barabara. Barua yako ya mwisho niliyo nayo ni ile ya Mama Cherehani na shuka. Sijui kama uliandika nyingine ikapotea, au hukuandika. Nilijua kitu kimoja tu: uko kwenye nyumba ya mwisho, na mlango ni shuka.

Nilikuona, mjomba. Nimeweka kidole kwenye swichi nikakuona kabisa, umenipa mgongo, unamenya chungwa na kuliacha ganda lisikatike kama unavyofanya. Nikakuita kwa sauti, humu chumbani, peke yangu. Halafu nikabonyeza.

Nilikiacha kinalia nikashika gurudumu. Milango yote miwili ilifunguka. Sikutazama chini. Mikono ilijua kazi, kama ulivyosema, na mimi sikuwa na habari na mikono. Nilipomaliza nilikimbilia kwenye mwamba kwa sababu ndiko miguu ilikokwenda.

Saa saba mchana ukuta uliachia upande wa kushoto. Haukupasuka kwa kishindo. Ulikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, halafu maji yakapita juu yake. Kwa sababu yalikuwa yameshapungua, hayakufika nyumba za juu. Za chini yamezibeba. Niliona paa lako likigeuka, likaenda.

Daraja halipo. Simu hazishiki. Watu wanasema wengi wamepanda mlimani, na kila ninayemuuliza habari ya mwalimu mzee anasema, "Yupi?" Msimamizi amefika, amekaa kwenye kiti changu kibovu.

Dereva aliyemleta anasema atazunguka kwa barabara ndefu mpaka mlimani. Nampa hii. Kama kuna mtu mwingine ameifungua, naomba aniambie ukweli haraka, asinizungushe.

Mpwa wake

*

Shuleni, mlimani, 18 Mei

Mpwa wangu,

Niko hai. Nimeliweka mbele ili macho yako yaanzie hapo.

Wote wako hai. Mwalimu mkuu aliita jina la kila nyumba, na kila nyumba iliitika, hata fundi viatu, aliyepanda wa mwisho akiwa na kiatu kimoja.

Nilikuwa uwanjani naanika shati. Watoto walikuwa wanacheza mbele yangu. Mara wakasimama, na vichwa vyote vikageuka upande mmoja, upande wako. Mbwa naye akageuka. Ndipo nikajua kinalia. Nikatazama kule na mimi, sikusikia kitu. Bondeni watu walikuwa wanapanda, lakini juu ya ukuta alikuwepo mtu mmoja tu. Tangu hapo mpaka barua yako ilipofika leo, sijui nimekula nini. Mama Cherehani anasema nilikuwa nakula, alinisimamia.

Leo nimepokea barua mbili. Moja ni yako. Nyingine ni yangu mwenyewe, ile ya tarehe kumi na tatu, imelowa, haijafunguliwa. Yule dereva wa maziwa alikwama nayo njiani, akairudisha. Ndani yake nilikuwa nimekuandikia kwamba nimehama, kwamba nyumba ni tupu, upige bila kunifikiria. Siku zote hizi nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo. Nilidhani ulibonyeza kwa utulivu, na utulivu huo nilikuandalia mimi.

Kumbe ulibonyeza ukijua niko ndani.

Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi. Nimechukua karatasi nikaanza kukueleza lilivyo, kama nilivyokueleza udongo na sauti na milango ya mbao. Nimeandika, nimekata, nimeandika tena. Mwalimu mkuu amepita akaona karatasi zilizokunjwa sakafuni, akaniuliza kama natunga mtihani. Sina maelezo, mwanangu. Najua tu kwamba watoto wale wote waliogeuza vichwa wako nje sasa hivi, wanacheza, na kwamba uliniita nikiwa nimekupa mgongo.

Dada yangu amepata habari kwa redio, anakuja. Nitakwenda naye mjini mpaka maji yakauke, na nitamwambia mwenyewe habari ya masikio, kabla hajaniuliza.

Naogopa kidogo kukutana nawe, kama mtoto anayengoja kuitwa mbele ya darasa. Njoo hata hivyo, barabara ikifunguka. Usinisalimie kwa nyuma. Simama mbele yangu. Nitakuuliza kama hujambo, na safari hii usinijibu kwa mazoea. Chukua muda wako wote. Nitakuwa nakutazama.

Mjomba wako